Achari Yako Imeiva, Mama

Kwa mpendwa wetu Hawo Nyanchera

Mwaka umetimia, Mama, tangu mchana ule ulipotuacha hapa nyumbani Kisii, mvua ikianza kugonga mabati.

Ulizaliwa Manga, katikati ya migomba na majani chai, ukaitwa Nyanchera. Ulipoolewa na Baba ulisilimu, ukawa Hawo, na jikoni ukamkuta Dadi, mama yake Baba, Mhindi aliyekulia Kisumu. Mlizungumza Kiswahili cha kuungaunga, kila mmoja na chake. Alikufundisha kukanda unga, kukaanga bizari bila kuiunguza, kupika kichri, ule wali uliochanganywa na dengu, laini ya mgonjwa. Alipofariki, watu wa mjini waliendelea kuja kula biriani yako wakisema huu ni mkono wa Dadi kabisa. Ulicheka tu, ukawaongezea.

Lakini achari ndiyo iliyokuwa yako. Malimau ya soko la Nyakoe, chumvi, bizari manjano, pilipili na mbegu za haradali, ndani ya chupa kubwa ya kioo aliyokuachia Dadi, kitambaa kimefungwa mdomoni. Achari inataka jua, na mji wetu ni wa mvua. Kila asubuhi uliiweka juu ya ukuta wa ua. Kila mchana, mawingu yakianza kujikusanya upande wa Manga, uliikimbilia ukaiingiza ndani. Dada yako Tryphosa alikutania, "Nyanchera, wenzako wanaanika mahindi, wewe unaanika malimau. Nitasema nini nyumbani?" Ukamwambia aseme lolote, mradi asisahau kubeba yake akiondoka. Hakuwahi kusahau.

Hukuruhusu kijiko chenye maji kikaribie chupa ile. Hata wageni uliwapangusia. Na majuma yakipita ulimwita Janat, kitinda mimba wako, ukamtilia kipande mdomoni, ukamuuliza, "Imeiva?" Alikunja uso kwa makusudi. "Bado kidogo, Mama." Alitaka aonjeshwe tena kesho. Ulijua, na kesho ulimwonjesha.

Maradhi yalipokuzidi, hukuweza hata kuinua kikombe. Siku ile ya mwisho tulikuwa sote kando ya kitanda. Ulitazama dirishani kwa muda, kisha ukasema, "Janat, mvua inakuja. Ingiza achari." Kaka zake wakamwambia aache, ni malimau tu. Hakuwahi kukukatalia jambo, akainuka. Aliporudi, chupa kifuani na matone ya kwanza begani, Baba alikuwa ameshakufumba macho.

Mama mdogo Tryphosa humwambia kwamba ulimtuma makusudi, hukutaka mtoto wako wa mwisho aone. Kaka yake Haron anasema hapana, ulikuwa unaiwaza achari kama siku zote. Mwaka mzima Janat ameyabeba maneno hayo, hata darasani chuoni, na hakuna hata moja linalompunguzia uchungu. Mlitenganishwa na ukuta mmoja tu, na hakukuaga.

Baba aliifungia chupa kabatini. Janat akajaribu kutengeneza achari nyingine. Alifanya kila ulichokuwa ukifanya, lakini siku moja mvua ikamtangulia, malimau yakaota ukungu. Aliyamwaga nyuma ya nyumba, akarudi ndani. Jikoni kwako sasa watu hupika ili wasilale njaa. Kichri ni ileile, dengu zilezile, sufuria zilezile, na hakuna anayeomba aongezewe.

Ijumaa iliyopita, baada ya dua, Baba alifungua kabati. Aliiweka chupa mbele ya ndugu wa mjini na wa Manga, akasema, "Hawo hakuitengeneza ili itazamwe." Hakuna aliyenyoosha mkono. Baba akachukua kijiko, akakipangusa kwa upindo wa kanzu yake, akampa Janat.

Malimau yalikuwa yamegeuka rangi ya asali iliyokolea, maganda yamelainika hata hayahitaji kutafunwa. Hajawahi kuonja achari yako ikiwa nzuri namna ile. Alimeza, kisha akabaki ameinua uso, kama mtu anayesubiri kuulizwa. Sote tulisubiri naye. Nje mvua ilikuwa imeanza, na hakuna aliyeuliza.

Imeiva, Mama. Haina "bado kidogo" tena. Iliyobaki haifiki nusu ya chupa, na ikiisha, imeisha.

Unakumbukwa na mumeo Ismael, wanao Haron, Yakub na Janat, dada yako Tryphosa, jamaa zako wa Manga, na majirani waliokula kwako. Mwenyezi Mungu akurehemu na akuondolee kila uzito.

Tutakukumbuka siku zote, za jua na za mvua.