Dirisha Nililoliziba Same

Kaka Eliabu,

Shikamoo. Uniwie radhi kwa kukuandikia baada ya miaka mingi. Huku Morogoro nimezeeka, na kusoma ndiyo kazi iliyonibakia.

Juzi nimesoma katika jarida la tiba habari za wagonjwa wa saratani ya mapafu wasioweza kupasuliwa, kama ulivyokuwa wewe. Daktari hupitisha sindano ndefu kifuani, akiiongoza kwa picha za mashine, mpaka ifike kwenye uvimbe. Ncha yake huugandisha uvimbe, huuacha uyeyuke, kisha huugandisha tena, ili seli zake zife. Haimfai kila mtu, wala haiahidi kuponya. Niliisoma habari hiyo mara mbili, kisha nikalifunga jarida.

Baridi, kaka. Wanatibu kwa baridi.

Unakumbuka tulivyokuteremsha kutoka kwetu Myamba. Hospitalini walisema mapafu yako hayatahimili kisu, nasi ukoo mzima tukakubaliana kwamba ukungu wa mlimani ndio unaokuumiza. Nikakupangia chumba mjini Same, bondeni kwenye joto. Mablanketi yalikuwa adimu madukani miaka ile, kwa hiyo dirisha nililiziba kwa magunia ya katani. Ukaniambia, "Mdogo wangu, unaniuguza au unanivundika kama ndizi?" Nilicheka. Siku ya tatu hukutania tena. Ulisema tu, "Nipandishe, nikakohoe kwangu." Nikajibu kwamba baridi ingekumaliza. Uliomba hivyo mpaka wiki yako ya mwisho, na jibu langu halikubadilika.

Tulikupandisha kwa lori la tangawizi, ukiwa ndani ya jeneza. Kwenye kona za juu ukungu ulituzingira, nami nikavua koti nikalifunika jeneza. Hakuna aliyenicheka.

Siku hizi mablanketi yamejaa Same, mapya na ya mitumba. Sidhani kama sindano ile ingekufikia wewe, wala ukungu wa Myamba haukuwa dawa. Lakini haukuwa adui yako. Uliomba kufia kwako, nami nilikunyima kwa uhakika ambao sikuwa nao.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, nitapanda Myamba. Nitalala chumbani kwako, dirisha wazi, blanketi moja. Nikikohoa, nitakohoa kwetu.

Pumzika, kaka.

Mdogo wako,
Mbonea