Pipa la Buluu

3 Machi

Kwako dada,

Hujambo huko? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Mama hajambo, ila goti linamsumbua akipanda ngazi. Mimi mzima, tena nimepanda cheo. Nimetolewa kwenye kukata ngozi, sasa ni msimamizi wa chumba cha gundi, watu wanane chini yangu. Cheka tu, lakini wananiita bosi mdogo.

Gundi ya viatu tunailainisha kwa maji fulani yanayokuja kwenye pipa la buluu. Wenyewe tunayaita dawa. Yana harufu tamu, kama petroli iliyotiwa sukari. Madirisha tunayafunga, maana vumbi likigusa gundi, kiatu kimeharibika. Jioni kichwa kinanigonga, lakini fundi mmoja tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki, ameniambia nitazoea.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Hongera kwa cheo. Sisi wazima, shemeji yako anakusalimu. Mwambie mama asiache kulikanda goti.

Barua yako nimeisoma hapa zahanati mpaka chai ikapoa. Mimi muuguzi, dawa nazijua, na hiyo si dawa. Kasome pipa, uniandikie kila neno na kila picha.

Lakini kwanza fungua madirisha. Mvuke wa vitu hivyo ni mzito kuliko hewa. Unashuka sakafuni, unatambaa, na ukikuta moto chumba cha pili unarudi nao. Pipa lifunikwe. Msimimine kwenye ndoo ya plastiki. Plastiki hutoa cheche, na ile ndogo unayoiona ukivua sweta inatosha kuwasha moto. Tumieni chombo cha chuma, kifungwe waya na pipa, na pipa lifungwe waya hadi ardhini. Vaeni glavu. Mtu asile humo ndani. Na ukiacha kusikia harufu usiseme umezoea. Pua imechoka tu, mwili bado unapokea.

Watu wako wanatembeaje? Nijibu hilo.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Salamu sana. Nisamehe kwa kuchelewa, tuna oda ya pea elfu mbili na mwenye kiwanda hatuachi tupumue. Mama anaendelea vizuri.

Pipa lina picha ya moto, na nyingine ya mtu aliyepasuka kifuani kama nyota. Maneno yamekwanguliwa. Nilifungua madirisha siku mbili. Mwenye kiwanda akaja, akayafunga kwa mkono wake, akasema, "Wewe nimekuweka usimamie watu au upepo?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Chombo cha chuma amesema tutanunua oda ikiisha. Redio bado anamimina kwa ndoo.

Umeuliza kuhusu kutembea. Yupo Mama Pacha, yuko kwenye gundi tangu mwaka jana. Juzi alitembea kutoka mezani hadi mlangoni na ndala moja. Nyingine ilimtoka njiani na hakujua. Nilipomwonyesha, aliitazama kama ya mtu mwingine.

Usimwambie mama.

Mdogo wako

7 Aprili

Mdogo wangu,

Leo salamu zitasubiri. Miguu ya huyo mama imeshaingia sumu. Mtoe leo, aende hospitali kubwa, aeleze anafanya kazi gani. Kisha toa wengine. Usingoje oda.

Dada yako

24 Aprili

Mdogo wangu,

Hujanijibu. Nimepiga simu kiwandani, haipokelewi. Mama naye nikimpigia ananiuliza habari za watoto tu. Nimeomba ruhusa kazini. Niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako

11 Mei

Dada,

Mimi mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalotafuta.

Barua yako ya 7 Aprili ilifika tarehe kumi na moja. Mama Pacha nilimtoa siku ileile. Madaktari wanasema miguu inaweza kurudi, lakini polepole, labda mwaka, labda zaidi. Wengine sikuwatoa. Zilibaki pea mia tatu. Nikajiambia Ijumaa tunamaliza, Jumatatu nitasimama mbele ya mwenye kiwanda niseme yote.

Alhamisi asubuhi nilikuwa uani nikihesabu soli. Redio alikuwa anamimina. Nilimsikia anasimulia kitu, kisha mlio kama wa shuka linalokung'utwa. Mlango ukawa mwekundu. Sita walitoka. Redio, wa saba, alitoka wa mwisho kwa miguu yake mwenyewe, akaniuliza kama uso wake una kitu. Alikufa Jumapili.

Mwenye kiwanda alikuja na karatasi iliyoandikwa kwamba madirisha yalikuwa wazi na watu walifundishwa. Mahali pa sahihi ya msimamizi pameachwa wazi. Nilikaa nayo karibu wiki tatu, ndiyo maana hukusikia neno. Mama aliikuta chini ya godoro, akaisoma, akairudisha palepale.

Jana nilikwenda mwenyewe polisi. Wakaniuliza, "Ulijua lini kwamba ni hatari?" Nikawapa barua zako zote tatu. Mkubwa wao alizisoma taratibu, akaweka kidole kwenye tarehe ya barua ya kwanza, akanitazama, akavuta kiti akakaa.

Ukija, usipitie nyumbani. Nitakuwa kituo cha polisi.

Mdogo wako