Kumfundisha Filimbi Kutembea

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zitangulie, habari zifuate, maana habari za leo zinamtaka mtu aliyekwisha kuketi na kusalimiwa vizuri. Hujambo wewe? Kile kikohozi ulichonitajia kwenye simu kimekuachia, au bado unakibembeleza kwa chai tu kama kawaida yako? Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima. Magoti yanamlalamikia akipanda ngazi, lakini mdomo wake haujapata kuumwa hata siku moja. Jana aligombana na fundi bomba, akamshinda hoja, kisha akamlazimisha kula. Anakusalimu sana.

Haya ninayokuandikia nisingeweza kuyasema kwenye simu. Ungenikata kauli, nami ningelia, na tungeishia kuulizana hali ya hewa. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho, au utaichana. Ila hata ukiichana, nakujua, utaviokota vipande na kuviunganisha.

Unajua nafanya kazi kitengo cha mazoezi ya viungo pale hospitali. Wanaletwa kwetu waliovunjika nyonga, waliopigwa na kiharusi, waliolala kitandani mpaka miguu ikasahau kazi yake. Miezi kadhaa iliyopita nilikabidhiwa mgonjwa mpya. Nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, upande wa kulia umelegea, mdomo umepinda, mkewe anamfuta mate kwa kitambaa. Nikainama nimsalimie. Alikuwa Filimbi.

Yeye mwenyewe, kaka. Msimamizi wako wa kiwandani, aliyekuwa akisimama getini na filimbi shingoni akiwapulizia waliochelewa. Aliyesema mbele ya wakubwa kwamba amekuona kwa macho yake ukipitisha nyaya za shaba mlango wa nyuma wa ghala, ilhali siku hiyo ulikuwa nyumbani ukimkanda Mama kwa kitambaa cha maji, homa imemshika. Mama alipotaka kwenda kukutolea ushahidi, akaambiwa mzazi ni mzazi, ushahidi wake hauna uzito. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Kazi ikaisha, mchumba akarudi kwao, watu mtaani wakawa wananyamaza ukipita. Ukaapa kwamba hutakanyaga nyumba hii mpaka Filimbi aseme kwa kinywa chake kuwa alikusingizia. Ukaondoka, nasi tukabaki tunaishi kwa kumngoja yeye aseme.

Nilitoka chumbani nikanawa mikono, ingawa sikuwa nimegusa kitu. Nikaenda kwa mkuu wa kitengo nimwombe anibadilishie mgonjwa. Nilifika mpaka mlangoni, mkono umeinuliwa kubisha hodi, na hapo ndipo nilipokukumbuka wewe na Wastoiki wako. Ulipokuwa mwanafunzi ulituhubiria mezani habari za hao wanafalsafa wa kale mpaka chakula kikapoa: kwamba linalompata mtu si lake, lake ni namna anavyolipokea, kwamba anayekutenda uovu hajakudhuru bado, utadhurika siku utakapokubali kufanana naye. Marehemu Baba alikuwa akikusikiliza kwa makini, kisha anauliza kama hao mabwana walipata kuumwa jino. Tulicheka sana. Lakini pale mlangoni sikucheka. Nilijiuliza kazi yangu mimi ni ipi. Ni kuwasimamisha watu. Hakuna aliyeniambia ni watu wema peke yao. Filimbi alikwisha kukunyang'anya kazi yako. Nikimkimbia, au nikimhudumia ovyo, atakuwa amenyang'anya na yangu.

Nikarudi, nikamvua viatu, nikaanza na kifundo cha mguu.

Usinione malaika. Hasira ilikuja kila asubuhi kama jirani wa kuomba chumvi. Niliisikia hodi yake, na kuna siku nilifungua. Nilimhesabia mazoezi kwa sauti kavu. Nilimwacha ahangaike na kifungo cha shati zaidi ya ilivyohitajika, nikijiambia ni mazoezi ya vidole. Siku moja alikuwa katikati ya vile vyuma viwili vya kushikilia, mimi nyuma yake nimeshika ule mkanda mpana tunaowafunga kiunoni. Goti likamkatika. Kaka, kwa kitambo kidogo mkono wangu ulijua kwamba unaweza kulegea, na kwamba hakuna ambaye angenilaumu, maana wagonjwa huanguka. Nikamdaka. Sikumdaka kwa upendo, nisikudanganye. Nilimdaka kwa sababu mkanda ulikuwa mkononi mwangu mimi, si mwa mtu mwingine. Nilipomketisha, yeye alikuwa ametulia. Nikaukaza mkanda upya, tukaanza tena.

Tangu siku hiyo kazi ikawa nyepesi kidogo. Alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko nilivyotegemea. Alikosea, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akajaribu tena. Mwenzangu wa kufundisha matamshi alikuwa akimnyoosha ulimi chumba cha pili, na mimi, nakiri, niliungoja ule ulimi kuliko hata miguu. Nilijipangia kwamba siku atakapoweza kusema sentensi nzima, nitamuuliza. Na nitakupigia simu uyasikie mwenyewe.

Siku ikafika. Alitembea ukumbi mzima kwa fimbo, bila mkono wangu. Mkewe akapiga makofi, kisha akaona haya. Nikamketisha, nikavuta kiti, nikakaa mbele yake. Nikamwambia mimi ni mdogo wake Bwana Stoo, kwa jina walilokuita huko, yule mtunza ghala wa kiwandani, yule aliyemtaja kuwa aliiba shaba. Nilisema polepole, bila kupandisha sauti.

Akanitazama kwa adabu, kama mtu anayeulizwa njia katika mji asioujua. Kisha akamgeukia mkewe, akarudi kwangu, akasema, "Binti, kwani mimi nilipata kufanya kazi kiwandani?"

Nilidhani anajifanya. Nikaenda moja kwa moja kwa daktari wake. Akaniwekea picha za kichwa kwenye mwanga, akanionyesha palipoharibika. Akasema mzee anaukumbuka utoto wake na siku ya ndoa yake, lakini miaka ya kiwandani imefutika, na hadhani itarudi. Mkewe naye nilimuuliza. Akasema mumewe hakuwa mtu wa kuleta mambo ya kazini nyumbani; anachokumbuka ni kwamba kulikuwa na kipindi alikuwa hali chakula vizuri, hasemi, na yeye hakupata kujua kwa nini. Zaidi ya hapo hana.

Basi ndilo hilo nililokuwa nikilizungukia, kaka. Neno tunalolingoja halipo. Hajatunyima; hanalo tena. Filimbi yupo, anakunywa chai yake, anatembea kwa miguu niliyomfundisha mimi, lakini yule aliyekusingizia hayumo ndani yake. Nililia kwenye chumba cha mashuka mpaka nikachoka. Nilipotoka nilishangaa, maana moyo ulikuwa umetulia kama nyumba baada ya wageni kuondoka.

Nilimweleza Mama. Alisimamisha cherehani, maana siku hizi hushonea chumbani kwako. Kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunamngoja mtu aliyekwisha kuhama." Akaniuliza kama anatembea vizuri. Nikamwambia ndiyo. Akasema ni vema. Nikadhani yamekwisha, nikainuka, ndipo akaniita na kuniagiza hivi, nami nakuletea kama alivyosema: "Mwandikie kaka yako. Mwambie aliyeapa ni yeye. Mimi sikuapa."

Najua utauliza habari za watu wa mtaani. Wako waliosahau, wako waliohama, na wako ambao hawatabadilika hata aletwe nani, lakini vichwa vyao si vyumba vyetu vya kufagia. Mdogo hamwamrishi mkubwa, nami sikuamrishi. Ila nakuomba ufikirie kwamba mlango huu uliuacha mikononi mwa Filimbi, naye hajui hata kama kuna mlango.

Salamu nyingi kwa wote ulio nao huko, waliokutunza badala yetu; waambie tunawashukuru. Mama anasema ule vizuri, na usiniamini nikisema amekonda. Leo asubuhi nilimkuta anakiburura cherehani chake akikitoa kwenye chumba chako, peke yake, na magoti hayo hayo. Nilishika upande wa pili, tukakitoa pamoja.

Wako akupendaye,
Kitindamimba