Ngozi Tisa na Gari Jekundu

Buigiri, Chamwino.

Kwa mdogo wangu Marko, huko Busi.

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Mimi hapa mzima kabisa, meno ninayo yote isipokuwa mawili, na mtama wangu umetoka vizuri kuliko wa jirani yangu Elisante. Nataka kujua hali yako, hali ya mkeo Penina, na zaidi hali ya macho yako. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kwenye kile kisomo cha watu wazima wengine walikwenda kusinzia, mimi nilitoka na kitu. Miriam mwanangu, wewe unayemsomea baba yako, soma kwa sauti na usiruke mahali. Ningepiga simu, lakini simu mtu hukata.

Kwanza habari ya gari, maana Krismasi uliniuliza nikakujibu juu juu kwamba alizeti ilinilipa. Ni kweli ninalo. Ni gari la mbio, jekundu, milango miwili, limelala chini kama kenge. Limetumika Japani, kisha likatumiwa na kijana mmoja wa ofisini pale Dodoma mjini, anaitwa Brighton. Mkewe alijifungua pacha, na gari lina viti viwili tu, basi akaamua kuliuza. Aliponiona na fimbo yangu akaniuliza, mzee umepotea njia? Nikamwambia anipishe nikae.

Elisante ndiye aliyeyataka haya. Alinunua pikipiki, akawa ananipulizia vumbi kila asubuhi na kunipigia honi kama anafukuza kuku. Mtu ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kukama!

Raha yake sasa. Likiunguruma lami, kanisani wanasikia, na mhubiri hunyamaza mpaka nipite. Vijana wa kituo cha mafuta walipanga foleni kupiga picha na mimi, wakaniita babu spidi. Elisante nilimpita siku moja karibu na Chamwino, nikamwona kwenye kioo anayumba na pikipiki yake mpaka akaingia majanini. Siku tatu hakunisalimia. Raha ya namna hiyo, Marko, ng'ombe hana.

Hasara nazo zipo, sikufichi. Njia ya kuja nyumbani ni mchanga na mawe, na tumbo la gari liko chini, basi likawa linalala kwa mama muuza chai kando ya lami, mimi narudi kwa miguu na ufunguo mkononi. Mafuta linakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Kutoka ndani siwezi peke yangu, huvutwa na watu wawili kama ndama aliyekaa vibaya tumboni. Tena tangu mwezi wa nane haliendi. Fundi alisema kifaa kiko Dar es Salaam, Dar wakasema kiko Japani. Kuku wa yule mama anataga kwenye kiti changu. Nikilinganisha, ng'ombe walinipa maziwa na samadi miaka mingi, gari limenipa kelele za mwaka mmoja. Lakini ukiniuliza kama ningelinunua tena, ningelinunua leo.

Sasa sikiliza. Miriam alinipigia juzi anashangilia kwamba madaktari wamekutoa mtoto wa jicho, na Jumanne watakufungua bandeji. Nikasema Bwana asifiwe. Kisha uji ukanishinda. Ndiyo maana barua hii nimempa konda wa basi aitwaye Zaidi, na nimemwambia ikufikie Jumapili.

Ulipopofuka ukahamia Busi kwa wakwe zako, uliniachia ng'ombe wako tisa niwatunze kwa desturi yetu. Maziwa na samadi yangu, ng'ombe wako, na akifa mmoja nikuletee ngozi uone kwamba kweli amekufa. Mwaka ule wa ukame nilikuletea ngozi tisa. Ya kwanza niliileta mwenyewe, nyingine zilikuja kwa basi, moja moja.

Hakufa hata mmoja. Ukame haukuwagusa, mimi kuchunga najua. Niliwaswaga mnadani asubuhi moja, wote tisa, wanene, na jioni nilikuwa kwa Brighton. Ngozi niliziokota machinjioni.

Wewe ulizipapasa, ukazinusa, ukazitandika kitandani. Ilipokuja ile niliyosema ni ya Mabaka, yule uliyemnywesha uji kwa mkono alipofiwa na mama yake, ulinipigia ukilia, ukaniuliza kama aliteseka. Nikakujibu kwamba alikufa amelaza kichwa magotini pangu. Nilikuwa kituo cha mafuta, nimekaa ndani ya gari, najaziwa.

Ng'ombe wako walikuwa weupe wenye madoa meusi, uzao wa baba yetu, nchi nzima ya huku inawajua. Ngozi unazolalia ni nyekundu zote tisa. Ungeziona mwenyewe Jumanne ukirudi nyumbani. Mimi si mtu wa kungoja kukamatwa, kwa hiyo nimesema kwanza.

Usije na wazee. Ngozi ulizipokea, na kwetu ukishapokea ngozi umekubali kwamba ng'ombe amekufa. Tena ulinitumia jogoo wa kunishukuru kwa uaminifu wangu, na Zaidi aliyemleta ni shahidi. Nilimla na ugali. Ukitaka kulitazama gari, karibu, lipo. Rangi yake utakuwa umeshaijua, ni ya kitanda chako.

Nisalimie wakwe zako wote na majirani. Penina msalimie peke yake. Yeye macho anayo siku zote. Nilipoleta ile ngozi ya kwanza aliikunjua, akaitazama, kisha akanitazama mimi. Nikamwuliza njaa ikija debe la mtama litatoka wapi kama si kwangu. Akaikunja. Zile nane zilizofuata alizipokea yeye mlangoni, akakupa mkononi.

Miriam, mpe baba yako maji.

Ni mimi kaka yako wa tumbo moja,
Bartolomayo, mwenye gari.