Tangazo la Mbegu Zisizoota

Matogoro, Songea

Baba yangu mzazi,

Shikamoo. Namwomba Mwenyezi Mungu barua hii ikukute una nguvu, wewe na mama na wote mnaolala chini ya paa moja. Kifua chako kimepona? Na korosho, mmeshaanza kuokota? Mimi sijambo. Baridi ya huku imepungua, na mawingu yameanza kukaa mlimani.

Nimeona niandike, maana kwenye simu tukifika kwenye kazi yangu huwa unanyamaza. Uliwahi kuniambia kuwa kutengeneza matangazo ya redio ni kulipwa kusema uongo. Sikukujibu, kwa sababu mara nyingi ulisema kweli. Lakini mwezi huu limetokea jambo nataka ulijue.

Kuna mama mmoja hapa mjini, Mama Gama, anauza mbegu na mbolea. Msimu uliopita aliuziwa mbegu bandia bila kujua, naye akawauzia wakulima wa Mpitimbi. Mahindi hayakuota. Wengine hawakuvuna kitu. Mwaka huu hakuna anayekanyaga dukani kwake, ndipo akaja ofisini kwetu kutaka tangazo.

Nilimwandikia la kawaida: ngoma, watu wanacheka, mbegu bora, karibuni. Akasikiliza, akatikisa kichwa. Nikaandika jingine, vilevile. Siku ya tatu nikamuuliza, "Mama, wewe mwenyewe ungewaambia nini?"

Akatazama mikono yake. "Ningewaambia ni mimi niliyewauzia. Sikujua, lakini ni mimi."

Bosi wangu akakataa. "Mama, ukisema hivyo redioni umefunga duka."

"Limeshafungwa, mwanangu. Siku hizi nafungua milango tu. Jina litakalotajwa ni langu, acheni niseme."

Baba, wateja wetu wengi ni waoga. Nikiandika neno lenye uzito wanalikata, wanakata na la pili, hadi tangazo linafanana na la jirani, halafu wanauliza mbona halisikiki. Huyu alinipa ukweli wake, akaniacha nifanye kazi. Bosi akakubali shingo upande, tukaondoa ngoma, Mama Gama akasoma mwenyewe:

"Ndugu zangu wa Mpitimbi, msimu uliopita niliwauzia mbegu ambazo hazikuota. Za mwaka huu nimezipanda kwanza nyuma ya duka. Njooni mzione kabla ya kununua."

Alipotaja Mpitimbi sauti ilimkatika. Nikataka turudie. "Acha hivyo hivyo," akasema.

Siku za mwanzo walikuja wa kumgombeza tu. Aliwapa viti, akawasikiliza. Jumamosi nilikuwepo alipofika mzee mmoja wa Mpitimbi, ambaye njaa ile ilimfanya amtoe binti yake shuleni. Hakusalimia. Alipita moja kwa moja nyuma ya duka, akainama, akang'oa mche mmoja na kuutazama mizizi.

"Nilikusikia redioni," akasema. "Sijakusamehe."

"Najua, mzee wangu."

Akaurudisha mche udongoni. Kisha akasema, "Nipe za ekari moja."

Mama Gama akampa mfuko. Mimi nilitoka nje, nikasimama barabarani hadi machozi yalipokauka.

Nisalimie mama, na bibi, umwambie dawa yake ya miguu nimeipata. Msalimie pia shangazi aliyenilea. Kaka Issa asinunue mbegu huko. Nimempa kondakta wa basi mfuko mmoja kutoka kwa Mama Gama, aupokee stendi Tunduru Alhamisi.

Nakuombea afya, baba.

Ni mimi binti yako,
Zainabu