Faili la Fundi Cherehani

4 Februari

Mwanangu kipenzi,

Pokea salamu za mama yako. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Wewe je? Kile kikohozi kimekuacha? Na unakula, au bado ni chai na mkate mbele ya kompyuta?

Nakuandikia kwa ajili ya Kadi, hii programu yako ya mafaili ya wagonjwa. Tangu kampuni yenu ituletee toleo jipya, hapa zahanati programu inakwenda vizuri, ina rangi nzuri, inafunguka upesi. Shida ni pale tunapompa mama mjamzito rufaa. Tunatuma faili lake hospitali kuu, na wao bado wanatumia Kadi ya zamani, ile huria, ya bure na iliyo wazi kwa wote, uliyoiandika na wenzako wa kujitolea. Faili halifunguki. Wananipigia: "Mkunga, umetutumia nini? Tunaona vidudu vidudu tu." Na sifa ya Kadi ilikuwa hiyo hasa, kwamba faili lake linasomeka popote.

Nimeuliza kwenye kikundi cha hao wa kujitolea. Unajua mle wananiita Mama Makosa, kwa jinsi ninavyowapelekea kila kasoro. Safari hii hawakucheka. Mwalimu, yule mzee wa hisabati anayekagua kazi za wenzake, kaandika kwamba hii si kasoro: kuna mtu ndani ya kampuni kabadilisha kwa kusudi namna faili linavyohifadhiwa. Nikamjibu mbele ya wote: "Mwanangu ndiye aliyeianzisha Kadi, na yumo ndani ya hiyo kampuni. Lingekuwa la kusudi angetuambia."

Sasa niambie, niwajibu nini?

Mama yako


11 Februari

Shikamoo mama,

Nimefurahi kupata barua yako. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha, na nakula, usiwe na wasiwasi. Lile goti lipeleke kwa daktari. Wauguzi hamjui kuugua.

Kuhusu Kadi, usijisumbue. Ni hitilafu ndogo ya toleo jipya, tunaishughulikia. Baada ya wiki chache mambo yatakaa sawa. Na usibishane na Mwalimu, mama. Wazee wa kujitolea wana wivu na kampuni.

Nisamehe kwa ufupi, kazi imenibana.

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Barua yangu ya Machi hukuijibu, nikasema moyoni ni kazi.

Yupo mama mmoja hapa, fundi cherehani, ndiye aliyenishonea sare ninazovaa. Mimba ya pili, miezi minane. Jumanne asubuhi kaletwa kichwa kinampasuka, presha iko juu, anaona nyota mchana. Nikamwandikia rufaa, nikatuma faili kabla gari halijaondoka. Ulisema wiki chache, na wiki zilikuwa zimeshapita tisa. Niliamini.

Njiani akashikwa na kifafa cha mimba. Alifika hajitambui. Daktari akafungua faili, vidudu vidudu. Wakanipigia, nami nilikuwa chumba cha kuzalishia, mikono yote miwili ina kazi. Hawakuweza kungoja. Kabla ya upasuaji wakamchoma penisilini. Na katika faili lake, ukurasa wa kwanza, nimeandika mwenyewe miaka mitatu iliyopita: asipewe penisilini, ilimvimbisha koo.

Ikamvimbisha tena. Moyo ulisimama dakika mbili. Wamemrudisha, Mungu ashukuriwe. Mtoto ni wa kike, mzima. Mama yake hadi leo yuko na mpira kooni.

Mumewe alikuja zahanati. Hakupiga kelele, angepiga ingekuwa nafuu. Kasema, "Mkunga, mke wangu alikuwa na kadi ya karatasi. Uliichukua, ukamwambia sasa kila kitu kimo kwenye kompyuta." Ni kweli, niliichukua. Na asubuhi ile kalamu ilikuwa mfukoni mwangu, mwanangu. Ningemwandikia mstari mmoja hata kiganjani.

Sina pa kuuweka uso. Naenda kazini kwa njia ya nyuma nisipite mbele ya duka lao.

Lile kosa mmelirekebisha? Nijibu, hata kwa mstari mmoja.

Mama yako


23 Mei

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi afya yako, sina uso huo.

Barua hii nimeianza mara sita. Halikuwa kosa. Mwalimu alisema kweli. Na huyo mtu ndani ya kampuni ni mimi.

Ilikuwa Oktoba. Mkuu wetu alituita kwenye chumba cha mikutano, akaniuliza mbele ya watu, "Zahanati ikituchoka, inaondokaje?"

Nikajibu kwa fahari kabisa, "Inachukua mafaili yake inakwenda. Muundo wa faili uko wazi, umeandikwa hadharani, programu yoyote inaweza kuusoma."

"Basi hilo ndilo tatizo letu," akasema. Watu wakacheka. Kisha akanigeukia: "Na nani anaijua Kadi kama wewe?"

Hakunitisha, mama. Hakuniongezea hata mshahara. Alinisifu tu. Miaka sita niliandika Kadi bila asante, barua zote zikiwa za kulalamika, na siku ile watu kumi na wawili waliovaa vizuri walinitazama kama mtu. Kazi yenyewe niliimaliza kwa siku kumi na moja. Nilijua hospitali kuu haitaweza kusoma. Niliandika kwenye ripoti: "Vituo visivyo vyetu havitafungua." Mkuu akatia alama ya vema pembeni.

Uliponiandikia Februari nilikudanganya. Uliponitetea kwenye kikundi, nilikuwa nasoma saa ile ile. Nikafunga kompyuta, nikatoka kwenda kununua viatu. Na Mwalimu hana wivu na mtu. Alikuwa ameshaniandikia faraghani: "Nimelipekua faili wiki nzima. Fundi hujulikana kwa mshono wake, na huu ni wako. Wengine nimewaambia sijui. Nakuachia useme mwenyewe." Sikusema.

Barua yako ya fundi cherehani niliisoma nimesimama kwenye korido ya ofisi. Mwenzangu akaniuliza, "Kwema?" Nikasema kwema.

Nisamehe, mama.

Mwanao


1 Juni

Binti,

Barua imefika. Nimeisoma mara moja. Mara ya pili nilishindwa.

Usiniombe mimi msamaha. Koo lililoziba si langu. Usinichague mimi kwa kuwa ni mama yako na unajua nitalainika.

Fundi karudi kwake. Nilikwenda, nikawaambia yeye na mumewe: aliyelifunga faili ni mwanangu, na aliyewaambia walitegemee faili hilo ni mimi. Mume alisimama akatoka nje. Fundi alinitazama tu, bado hawezi kusema kwa sauti. Kwenye kikundi nako nimeandika kwamba nilimdhamini mtu nisiyemjua.

Swali moja. Wiki tano ulikaa na barua yangu. Ulikuwa unangoja nini? Apone kwanza, ili kosa lipungue?

Usinipigie simu.

Mkunga wa zahanati


28 Julai

Mama,

Shikamoo. Umeniuliza nilikuwa nangoja nini. Ndiyo, nilikuwa nangoja apone. Nilitaka niungame jambo dogo.

Nilimwendea mkuu, nikamwomba turudishe muundo wa wazi, au angalau tuuandike hadharani huu mpya ili wengine waweze kuusoma. Akasema, "Ulitia saini kwamba hutatoa siri za kampuni." Nikamjibu kweli nilitia. Siku hiyo hiyo nikaandika barua ya kuacha kazi. Kisha nikakaa mezani kwangu nikaeleza kila kitu kuhusu faili lile, kurasa kumi na nne, nikaziweka kwenye kikundi kwa jina langu, pamoja na habari ya Oktoba, ya Februari, na ya fundi. Kampuni imeshaniandikia kwa mkono wa wakili. Yatakayokuja nitayabeba.

Kwenye kikundi hakuna aliyenitukana. Baada ya siku mbili Mwalimu akaandika: "Tumesoma. Funguo zako za kuingia na kubadilisha Kadi tumezichukua. Kuanzia leo kazi yako itakaguliwa na watu wawili, kama ya mgeni yeyote. Kinahitajika kifunguzi cha mafaili hayo. Anza." Wa kwanza kunikagua alikuwa yule mfamasia niliyemfundisha kuandika programu. Kazi yangu kairudisha mara nne. Mara zote nne alikuwa sahihi.

Wiki iliyopita nilikuja huko. Nilifika dukani kwa fundi, nikamkuta peke yake na mtoto amelala juu ya vitambaa. Sauti yake imerudi nusu, ina mkwaruzo. Nikajitambulisha. Hakunikaribisha kiti. Nikasimama, nikasema yote.

Akaniuliza, "Ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Sikukujua wewe. Nilijua tu kwamba lazima kutakuwa na mtu."

Akatia uzi kwenye sindano ya cherehani. Ilimchukua muda, na mimi sikujua nimsaidie au nisimsaidie. Mwisho akasema, "Haya, nimesikia. Sasa nenda, nguo hii inasubiriwa."

Nikaenda. Nilipita mbele ya nyumba yetu, mama. Nilisimama pale mlangoni mkono juu, nikakumbuka maneno yako, nikaurudisha mkono. Nikapanda basi la saa nane.

Mwanao, kama bado inafaa niandike hivyo


15 Agosti

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima wa mwili.

Juzi hospitali kuu wamefungua mafaili yetu kwa kile kifunguzi chenu. Mia tatu na kumi, yote yamesomeka, na zahanati nyingine mbili zimekiomba. Daktari kanipigia kunipongeza. Nikamwambia asinipongeze, nikakata simu.

La fundi nililifungua mwenyewe. Ule mstari upo, ukurasa wa kwanza, herufi kubwa. Nilikaa mbele yake hadi wagonjwa wakaanza kugonga.

Fundi mwenyewe hasemi habari zako, nami simuulizi. Mumewe sasa ananiitikia salamu, kwa mbali.

Nina neno moja ambalo sikutaka kuliandika. Siku ile ulipokuja, sikuwa kazini. Nilikuwa sebuleni. Nilikuona tangu unavuka barabara, umekonda, umebeba mfuko mmoja. Nikakuona umeinua mkono. Mimi, mama yako, nikarudi nyuma ya pazia nikabana pumzi mpaka ukaondoka. Nimezalisha watoto wa watu miaka thelathini na moja, sijapata kumfungia mtu mlango, na wa kwanza kumfungia amekuwa wangu. Nilikuandikia wewe maneno makali juu ya kunyamaza, kisha nikanyamaza hatua mbili kutoka kwako.

Sijakusamehe bado. Nisikudanganye. Lakini nimechoka kukuonea haya nikiwa peke yangu, na nadhani wewe pia.

Jumamosi natoka kazini saa kumi. Baada ya hapo nipo.

Mama yako