Bakuli Halirudi Tupu

Bi Mkubwa,

Salamu sijui kama zinafika huko uliko, ila dua naamini inafika, kwa hiyo nimekuombea kwanza ndipo nikaandika. Mungu akulaze pema. Mimi mke mwenzio Atija bado nipo, na kusema kweli sipo vizuri.

Arobaini yako imepita. Mume wetu Momade hajambo, anakula. Unamjua: ukimpa pweza anakula, ukimpa jamvi atalitafuna na kusema alhamdulillahi. Zamani tulimcheka, mimi jikoni kwangu na wewe jikoni kwako. Sasa nikimtazama anavyomeza naona uchungu, maana ndiye niliyebaki naye.

Nyumba yako hapa Quitunda, walikotuhamishia kutoka pwani, haijakaa tupu. Binti yako Zaituni amehamia humo na mumewe. Mambo mengine ni yale yale, nyumba za bloku zimepangwa mistari, na bahari mpaka upande gari. Samaki anatufikia mchana, macho yameshazama, nasi tunanunua hivyo hivyo. Ungekuwepo ungemwinua kwa mkia, ukamnusa, ukamrudisha kwenye beseni bila neno. Mimi sina ujasiri huo, nanunua tu.

Unakumbuka nilivyoolewa, kule kijijini kwetu pwani, na kiburi changu cha mke mdogo? Hatukusemeshana. Siku moja nikakupelekea mchuzi wa samaki katika lile bakuli jeupe lenye maua mekundu, si kwa wema, nilitaka ujue kwamba mumeo amepata mpishi. Bakuli la mtu halirudi tupu, nikangoja uniwekee muhogo au vitumbua. Likarudi na ndimu. Ndimu moja, inabingirika ndani. Nikawaka! Nikasema huyu mwanamke ananidharau. Hasira zilipopoa nikauonja tena ule mchuzi, nikaukuta mzito, umelala mdomoni kwa nazi. Nikaikamua ile ndimu. Ee, Bi Mkubwa! Mchuzi ukaamka.

Basi tukawa tunasemezana kwa bakuli. Likirudi na pilipili, nilijua nimeogopa pilipili. Tui langu likikatika uliniletea nazi nzima, yaani mwaga, anza upya. Nami nilivizia zamu yangu, nikaipata siku uliyopikia kuni mbichi, moshi ukaingia kwenye wali. Nikakurudishia bakuli na kijiti kikavu cha mkoko. Ukaja uani kwangu mwenyewe, unacheka mpaka kanga inakudondoka. Ndiyo siku tuliyoanza kuongea kwa mdomo. Na aliyekuwa akilibeba bakuli huku na huku, mtoto mdogo bado, ni Zaituni.

Watu hudhani mjuzi wa chakula ni mtu wa kuchagua, mwenye kinywa cha kitajiri. Wewe hukuchagua. Mpwa wa Momade alipotuletea jibini kutoka kazini kwake, mimi niliitema nje. Wewe uliitafuna polepole, ukasema, "Aliyetengeneza hii hakuwa na haraka." Na kule porini tulipokimbia vita, tunakula muhogo mkavu bila hata chumvi, kila mtu anameza apate nguvu ya kutembea, wewe ukasimama njiani. "Atija mdogo wangu, muhogo huu umeota kwenye mchanga mweupe, karibu na maji." Nilitaka kukupiga. Tunakimbizwa, wewe unaonja! Lakini nikautafuna tena, taratibu, nikakuta kweli una utamu. Nikalia pale pale na muhogo mdomoni. Kwa siku nyingi nilikuwa nimesahau kuwa mimi ni mtu.

Sasa sikia kinachonisumbua. Tangu uondoke, kila ninachopika watu wananiambia ni kitamu. Nikiunguza, kitamu. Nikichachusha, kitamu, Mungu akuzidishie. Wananionea huruma, au hawaonji kabisa, sijui. Nilimaliza maisha nikipika kwa ajili ya ulimi wako na sikujua, nilidhani nampikia mume. Mpishi asiyeonjwa ni mpweke, dada yangu, kuliko hata mjane.

Basi juzi nikafanya utundu. Nikapata pweza mzuri, nikampiga mpaka akalainika, nikamwunga kwa nazi, kitunguu, ndimu, kila kitu, ila chumvi sikutia hata chembe. Nikagawa. Jirani akasema mtamu. Momade akafuta sahani kwa kidole, alhamdulillahi. Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi, nikahisi aliyezikwa ni mimi.

La mwisho lilikuwa lile bakuli letu la maua mekundu, nikampelekea Zaituni. Sikutarajia kitu. Ana mume, ana shamba lake, na mambo ya bakuli mimi sikuwahi kumweleza. Bakuli halikurudi siku ile. Asubuhi nikalikuta mlangoni juu ya kinu, limeoshwa, limefunikwa kwa sahani. Nikafunua.

Ndani mlikuwa na chumvi. Konzi moja ya chumvi ya mawe.

Nimelia, nimecheka, sijui nilianza na kipi. Kumbe yule mtoto, miaka yote ile ya kubeba, alikuwa akichungulia ndani na kuelewa.

Upweke haujaisha, usidhani. Yeye si wewe, na bado naandaa neno la kukuambia kila nikipita nyumbani kwako, kisha nakumbuka. Lakini leo limekuja bakuli kutoka kwake, safari hii yeye ndiye aliyepika. Mchuzi wa samaki. Nimeonja. Amechochea moto, tui limekatika, juu mafuta, chini maji. Mtoto amefiwa na mama yake, na mimi ulimi ulishafika kwenye neno "mtamu." Nikalimeza.

Nakuahidi, Bi Mkubwa, binti yako sitamdanganya kwa huruma. Nitamwonja kama ulivyonionja.

Lala salama. Naishia hapa kuandika, bakuli lake nimeshaliosha, naenda kumchagulia nazi.

Mke mwenzio,
Atija